Pombe na Dawa za Baridi Yabisi

Leo nataka kusema nanyi juu ya swali moja ambalo wagonjwa wengi huliuliza kwa sauti ndogo, wakiwa wamekwisha fika mlangoni, daktari naye amekwisha funga daftari lake: "Je, na pombe naweza kunywa?"

Swali hilo ni zuri, wala si la aibu. Mtu wa malaria humeza dawa siku tatu akamaliza. Mtu mwenye baridi yabisi humeza dawa miaka mingi, pengine maisha yake yote. Kumwambia mtu asinywe kwa siku tatu ni rahisi. Kumwambia hivyo kwa miaka thelathini, bila kumweleza sababu, ni kumfundisha kusema uongo. Atakunywa kwa siri, au ataacha dawa. Na kuacha dawa ni hatari, maana baridi yabisi ile inayovimbisha vidole na viwiko huharibu viungo kidogo kidogo, na kiungo kilichokwisha haribika hakirudi kama zamani.

Basi tuanze na jambo la kwanza: dawa za ugonjwa huu si moja. Kabla ya kuuliza juu ya pombe, jua jina la dawa yako. Chukua pakiti yako, soma. Ndiyo faida ya kujua kusoma.

Tuseme kuna bibi mmoja wa Marangu, katika mlima Kilimanjaro. Vidole vyake vimevimba, asubuhi hawezi kushika jembe. Hospitali wamempa metotreksati. Kwenye pakiti jina hilo huandikwa Methotrexate. Liandike daftarini mwako. Dawa hii ilikubaliwa Marekani mwaka 1988 kwa ugonjwa huu, na sasa hutumiwa duniani kote. Bibi huyu anauliza kama sisi sote:

"Mwanangu, mwezi ujao ninaoza mjukuu. Wazee watanipa kata ya mbege. Nifanyeje?"

"Shikamoo, bibi," asema tabibu, maana swali limemfikia kabla ya salamu. "Kwanza niambie kweli. Huwa unanywa kiasi gani?"

"Marahaba. Siku ya soko kata moja. Siku ya sherehe, mbili."

Tazameni, bibi amesema kweli, na tabibu sasa ana kitu cha kufanyia kazi. Ini ndilo linalosafisha pombe mwilini. Metotreksati nayo yaweza kuliumiza ini. Ukiweka mizigo miwili juu ya punda mmoja, usishangae akipiga magoti. Lakini mizigo ina uzito mbalimbali. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza walitoa habari za wagonjwa 11,839 wa baridi yabisi waliokuwa wakitumia dawa hii. Walipima damu zao na kulinganisha na kiasi cha pombe walichokunywa. Waliokunywa chini ya vipimo 14 kwa juma hawakuonekana kuumia ini kuliko wasiokunywa kabisa. Waliopita vipimo 21 ndio walioonekana kuumia zaidi.

Kipimo kimoja cha Waingereza ni gramu 8 za kilevi chenyewe, bila maji. Sasa tufanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye kilevi asilimia 5, ina vipimo viwili na nusu. Basi vipimo 14 ni chupa tano na kidogo, kwa juma zima. Si kwa usiku mmoja wa Jumamosi! Mtu aliyekunywa chupa tano usiku mmoja hawezi kujitetea kwa kusema siku sita zilizobaki alikunywa chai. Na chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 kwa asilimia 40, ina vipimo 10: ni sawa na chupa nne za bia, ingawa inaingia mfukoni.

Kwa bia hesabu ni rahisi, maana nguvu yake imeandikwa kwenye karatasi ya chupa. Kwa mbege haikuandikwa popote. Mbege ya leo na ya kesho si moja. Mnazi wa pwani ulioteremshwa asubuhi ni mtamu, lakini kadiri saa zinavyopita unazidi kuwa mkali, na jioni mtu aliyekunywa kikombe kilekile huanguka. Gongo na chang'aa sitazitia katika hesabu hata kidogo. Hakuna ajuaye kilichomo, na watu wamepofuka na kufa kwa sababu yake. Kwa hiyo tabibu akamwambia bibi: onja kata, uwape wengine, usimalize peke yako. Bibi akacheka, akasema kwao hivyo ndivyo inavyonywewa tangu zamani.

Lakini vipimo hivyo 14 si ruhusa kwa kila mtu. Mwenye ugonjwa wa ini wa aina ya B, ambao ni wengi katika nchi zetu, au ambaye ini lake limekwisha onekana lina kasoro, asinywe kabisa. Na kila atumiaye metotreksati apimwe damu: mwanzoni mara kwa mara, halafu hali ikitulia kila miezi mitatu hivi, au kama daktari wake atakavyosema. Kipimo kikionyesha ini limechoka, pombe ndiyo ya kwanza kuachwa, hata ile kata ya harusi. Ila mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafula akiwa peke yake nyumbani, maana yaweza kumletea kifafa. Aende kwanza kwa daktari.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa watu wamekufa. Metotreksati ya baridi yabisi humezwa MARA MOJA KWA JUMA. Si kila siku. Watu wameimeza kila siku kwa kutosoma vizuri, wakapata vidonda mdomoni, homa, kutokwa damu, wakafa. Na pombe inaingiaje hapo? Mlevi husahau siku. Amemeza jioni, asubuhi hakumbuki, anameza tena. Kwa hiyo chagua siku ambayo hunywi, kwa mfano Jumatatu. Andika neno JUMATATU kwa herufi kubwa juu ya pakiti. Ukiisha meza, tia alama katika kalenda ya ukutani. Ukipewa pia vidonge vya foliki vya kupunguza madhara, uliza ni vya siku gani, uviandike navyo.

Wako pia wanaoruka dozi ya Jumatatu ili wapate kunywa Jumamosi. Hiyo ni bure. Dawa hii hufanya kazi yake kwa majuma na miezi. Kuiruka mara moja hakukuoshi ini, ila kunaamsha maumivu.

Dawa nyingine ni zile za kutuliza maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni. Hizi ugomvi wake na pombe uko tumboni. Ndani ya tumbo pana utando unaolizuia tumbo lisijichome kwa tindikali yake lenyewe. Dawa hizi hupunguza ulinzi huo, na pombe huuwasha. Hatari huzidi kama unatumia na prednisoloni. Nimekwisha ona watu wanaoamka na kichwa cha pombe, wakanunua diklofenaki mbili dukani, wakameza bila hata kipande cha muhogo. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukatapika kitu kama unga wa kahawa, hiyo ni damu. Nenda hospitali siku ileile, usingoje kesho.

Paracetamoli haisumbui tumbo, lakini ikizidi huua ini. Mtu mzima asipite vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na mtu anywaye sana, au aliyekonda sana, amwulize daktari kwanza, maana chake huenda kikawa kidogo zaidi. Hidroksiklorokwini haijulikani kugombana na bia kidogo. Na mwenye jongo, yaani ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuwaka moto usiku, ajue kuwa kwake bia yenyewe ndiyo huchochea maumivu, ameze dawa asimeze.

Kazi ya darasani ni hii. Juma lijalo kila mwenye dawa ya muda mrefu nyumbani, yake au ya mzazi wake, aje na pakiti yake. Mkae wawili wawili. Mmoja asome jina la dawa, kiasi, na siku za kumeza, mwenzake aandike. Kama maandishi ya duka la dawa hayasomeki, msibahatishe. Mrudisheni pakiti dukani, mwombe waandike upya, kwa Kiswahili.

Kwaherini.