Kuta za Mji Mkongwe

Msikilizaji, umesikia habari za utalii Zanzibar. Sasa tutazame jambo moja tu: kuta za Mji Mkongwe.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib mjini humo iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Jumba hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, limejengwa kwa mawe na chokaa, kama nyumba nyingi za mji huo. Paa likivuja, maji huingia ukutani na kuula taratibu, mwaka hadi mwaka.

Kwa nini jambo hili likuguse? Mgeni anayelala ufukweni Nungwi au Paje anaweza kupata bahari nchi nyingine. Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, hataupata kwingine. Humo ndimo wanamopata riziki mtembeza wageni, mchonga milango na muuza urojo.

Kwa upande mwingine, wapo wanaosema hoteli za ufukweni ndizo zinazoleta ajira na kodi upesi. Ni kweli. Lakini hoteli hizo humvuta mgeni kwa jina la Zanzibar, na jina hilo limebebwa na mji huu.

Basi swali: katika fedha anazoziacha mgeni ufukweni, kiasi gani kirudi kwenye kuta hizi, na nani asimamie?