Tupime Nini Baada ya Kengele ya Mwisho?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya pendekezo lililo mbele yetu. Tunatakiwa tuchange fedha za kuendesha shughuli za baada ya masomo kwa mwaka mmoja, kisha tutazame matokeo ya Kidato cha Nne. Yakipanda, tuendelee, yasipopanda, tufunge. Kuchanga naunga mkono. Kipimo hicho nakipinga.

Wenzetu wa Marekani wamekwisha kuipita njia hii. Mwaka 1998 serikali yao ilitenga dola milioni 40 kwa vituo vya namna hii; kufika mwaka 2002 fungu hilo lilikuwa dola bilioni 1. Mwaka 2003 wachunguzi wa Mathematica wakatoa taarifa yao ya kwanza. Alama za masomo za watoto wa vituoni hazikuwapita sana wenzao, wala watoto hao hawakujiona salama zaidi. Mwaka huo huo Rais Bush alipendekeza fungu lipunguzwe hadi dola milioni 600. Bunge lilikataa, lakini mnaona, ndugu zangu, jinsi kipimo kimoja kilivyokaribia kuwafungia milango watoto wengi.

Je, vituo vyote vilikuwa sawa? Hapo ndipo penye jambo. Joseph Durlak na Roger Weissberg walikusanya tathmini za programu 73, wakatoa taarifa mwaka 2007. Waliuliza: zile zinazofaa zinafanya nini? Wakakuta mambo manne. Kwanza, mafunzo hufuatana hatua kwa hatua. Pili, kijana hutenda mwenyewe, hakai kusikiliza tu. Tatu, upo muda uliotengwa hasa kwa kumjenga kijana na kumfundisha kuishi na wenzake. Nne, lengo hutajwa wazi. Katika programu zilizokuwa na yote manne, vijana walijiamini zaidi, mwenendo wao ukawa mwema, na alama za masomo zikapanda. Nyingine hazikuonyesha faida ya maana. Basi ukizitia zote katika kapu moja, mbovu zitazificha nzuri.

Ubora wenyewe hupimwaje? Mwaka 2005 taasisi ya High/Scope ya Michigan ilitoa chombo chepesi. Mtu huketi pembeni wakati shughuli inaendelea, huandika anayoyaona, kisha hutoa alama 1, 3 au 5. Je, mahali pana usalama? Kiongozi humsaidia kijana, au humdhihaki? Vijana hushirikiana na kupokezana uongozi? Hupata nafasi ya kupanga, kuchagua na kutafakari? Maswali hayo hayahitaji maabara wala mtaalamu kutoka mbali.

Kwa hiyo naleta mambo manne. Daftari la mahudhurio liandikwe kila siku, maana dawa isiyonywewa haiwezi kulaumiwa. Kila muhula mwalimu mmoja na mwanachama wetu mmoja waketi watazame, na alama zao apewe kwanza kiongozi wa shughuli ili ajirekebishe, si ili afukuzwe. Vijana wenyewe waulizwe bila kuandika majina. Matokeo ya mtihani yatazamwe pia, lakini kwa miaka mitatu, na pamoja na hayo mengine.

Wapo watakaosema fedha ni zetu, tuna haki ya kuona matunda. Ni kweli. Lakini mkulima mwenye akili hungoja mavuno huku akikagua palizi.

Vijana, kipimo hiki hakikuwekwa kuwashitaki ninyi. Kimewekwa kutukagua sisi wakubwa: tumewaandalia nini kengele ya mwisho inapolia? Wahenga walisema, ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada. Tutazame malisho kabla ya kuuliza uzito.