Mzigo wa Kwenda Namugongo
Mazungumzo na vikundi vinavyojiandaa kutembea kwa miguu

 

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo. Tunazungumza juu ya begi. Tumeona majina ya wale watakaotembea hadi Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Vizuri sana. Lakini kutoka mpakani Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200. Mkienda kilomita 25 kwa siku, hizo ni siku nane. Mtu mzima hupiga hatua kama 1,400 katika kilomita moja. Fanyeni hesabu wenyewe: hatua 280,000. Kila unachotia kwenye begi utakibeba hatua hizo zote, hata kama hutakigusa njiani.

Najua mama mmoja pale nyuma anasema moyoni, mimi nimezoea kubeba. Ni kweli. Mwaka 1986 wataalamu walichapisha utafiti juu ya akina mama wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kichwa. Waliona kwamba mama aliyezoea anaweza kubeba hadi sehemu ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya za kutembea mikono mitupu. Sifa hiyo ni yenu, hatuwanyang'anyi. Lakini mtungi wa maji unatuliwa ukifika nyumbani, basi. Huu wa Namugongo unauinua tena kesho, na kesho kutwa, miguu ikiwa na malengelenge. Mahujaji wanaotembea kwenda Santiago, huko Uhispania, huambiana mzigo usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili. Sisi tunawafuata hao. Mtu wa kilo 60, begi kilo 6, maji yakiwa ndani.

Sasa kilo 6 huisha upesi! Maji lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Blanketi zito la nyumbani laweza kufika kilo mbili kabla halijanyeshewa, na mwezi wa Mei mvua ipo. Chukua leso mbili. Leso unajifunika, unatandika, unajipangusia, na ikilowa unaitandaza juu ya begi ikauke ukitembea. Ongeza nailoni pana ya kujikinga mvua. Nguo: moja mwilini, moja ya kubadilisha, na sare ya kikundi kwa siku yenyewe. Juu ya sare hatutabishana na akina mama. Viatu vya sherehe, lakini, vibaki nyumbani. Vaa raba ulizozizoea, si mpya za dukani.

Mzigo mwingi unaongezwa na hofu. Nikikosa chakula je? Ndipo mtu anabeba unga kilo nne. Jamani, ile ni barabara kuu. Bugiri kuna soko, Iganga kuna soko, Jinja ni mji mkubwa, na ukishatoka msitu wa Mabira, pale Namawojjolo watakukimbilia na kuku wa kuchoma na ndizi. Beba njugu za siku moja na pesa kidogo. Wengine hubeba mtungi mtupu wa lita tano wa kuchotea maji ya Namugongo. Mtungi utanunua hukohuko, na kurudi utapanda gari.

Kuna visivyoachwa hata begi likiwa zito: kitambulisho, na dawa unazomeza kila siku. Dawa ya presha, ya sukari, ARV, zote zihesabiwe za siku za kwenda na kurudi, na za ziada, zifungwe ndani ya nailoni. Hapo hatutaki kusikia habari ya wepesi.

Vitu vya kikundi ni jambo jingine. Watu kumi hawahitaji sufuria kumi wala visu kumi. Sufuria moja, kisu kimoja, tochi mbili, sanduku moja la huduma ya kwanza. Mnajua kuzungusha pesa za chama kila mwezi, basi zungusheni na sufuria kila siku. Mwandishi aandike nani anabeba nini, kwa sababu siku ya tatu ndipo watu huanza kusahau zamu. Na mmoja akichoka, wenzake ndio watakaobeba begi lake. Kwa hiyo begi lako likiwa la kilo 12, hilo si shauri lako peke yako. Ni kikundi kizima kitakaa kando ya barabara kikikungoja, au utapandishwa matatu na safari yako imekwisha.

Jumamosi ijayo saa moja asubuhi tutaweka mizani ya kupimia mahindi pale nje ya ofisi. Njooni na mabegi yamefungwa kabisa, na maji ndani. Tutapima, kisha tutatembea kilomita 15 nayo. Mkirudi, kila mtu atoe kando asichokitumia, tupime tena. Waje pia wale wa kubaki nyumbani, wavibebe hivyo vitakavyotolewa.