Utitiri wa Kijani na Mwindaji Wake

Msikilizaji, mkulima akiona majani ya muhogo yana madoa ya manjano na ncha zimesinyaa, hulaumu jua. Mara nyingi mkosaji ni utitiri wa kijani, kiumbe mdogo kuliko kichwa cha pini. Asili yake ni Amerika Kusini. Barani Afrika alionekana kwanza Uganda mwaka 1971, kisha akasambaa katika nchi nyingi zinazolima muhogo.

Wengi humwita mdudu, lakini ana miguu minane na ni jamaa wa kupe na buibui. Kumtambua hivyo kuna faida shambani: dawa nyingi za wadudu humwacha hai, zikaua maadui wake.

Katika miaka ya 1980, watafiti walileta utitiri wanaokula utitiri wenzao kutoka Colombia. Hawakudumu. Wakageukia Brazil, wakampata Typhlodromalus aripo, aliyeachiwa mashambani Benin mwaka 1993. Huyu akashika mizizi. Siri iko katika tabia yake: mchana hujificha ndani ya vijani vichanga vya kileleni, usiku hushuka kuwinda kwenye majani. Mawindo yakiadimika, hula chavua, hivyo hafi njaa.

Ushindi huo ulitokana na watu waliokaa na hadubini, wakitenganisha spishi moja na nyingine. Wataalamu wa aina hiyo ni wachache mno kwetu. Serikali ziwasomeshe na kuwaajiri sasa, kabla balaa jingine halijaingia mashambani.