SPESA YA KABURETA: INAONGEZA NGUVU AU INAIHAMISHA?

(Maelezo ya fundi wa chama kwenye mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa baharini siku ile.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, na akina mama wa dikoni,

Nimetakiwa nieleze juu ya hizi spesa. Lipo ombi mbele yenu kwamba fedha za mfuko wa matengenezo zitumike kununulia spesa za mashine zote nne za chama. Fedha ni zenu, basi sikilizeni kwanza kitu chenyewe ni nini.

Spesa ni kipande bapa chenye tundu, kinachokaa kati ya kabureta na injini. Hakizunguki wala hakiwaki. Kazi yake ni kuirefusha njia ya hewa, basi.

Mashine zetu ni tustroki. Pistoni ikipanda, chini yake kwenye kasha la krenki panakuwa na mvuto. Zile ndimi nyembamba zinafunguka, hewa na petroli na oili vinaingia. Pistoni ikishuka ndimi zinajifunga, na mchanganyiko unasukumwa juu kwenye silinda. Kwa mizunguko 5000 kwa dakika, jambo hilo linafanyika mara 83 kila sekunde. Hebu fikirini haraka hiyo!

Sasa, hewa ina uzito. Mtumbwi ukiacha kuupiga kasia hausimami pale pale, unaendelea kuteleza. Hewa iliyo njiani nayo ni hivyo hivyo: pistoni ikimaliza kuvuta, hewa bado inajisukuma ndani kidogo. Njia ikiwa ndefu, hewa ni nzito zaidi: inachelewa kuanza na inachelewa kusimama. Mashine ikienda mbio za chini au za kati, muda upo, na kasha linajaa vizuri. Mashine ikienda mbio za juu pistoni haingoji mtu. Hewa inachelewa na kasha halijai. Kwa hiyo kinachopata nguvu ni mwendo wa chini, na kinachopoteza ni mwendo wa juu. Anayewaambia kwamba spesa inageuza farasi 25 kuwa 30, huyo anauza.

Inahamisha kiasi gani? Tuseme njia ya hewa ni milimita 120, na mashine inajaa vizuri kabisa kwenye mizunguko 5000. Ukiongeza spesa ya milimita 10, mahali pale panashuka hadi karibu 4800. Ukiongeza milimita 30, panashuka hadi karibu 4470. Hiyo ni hesabu ya njia ya hewa peke yake, ekzosi nayo ina mambo yake. Lakini mnaona wenyewe: kipande chembamba ni mabadiliko madogo, na kipande kinene kinakula mbio za kurudi nyumbani na samaki kabla barafu haijaisha.

Tena isiwekwe nyuma ya ndimi, upande wa kasha la krenki. Huko inaongeza nafasi ndani ya kasha, na msukumo wa kupandisha mchanganyiko unapungua. Wengine wanaiweka huko kwa sababu tu bolti zinafika!

Hatari yenyewe, ndugu zangu, ni kuvuja. Kila spesa inaongeza ungio moja, na inataka gasketi mbili na bolti ndefu zaidi. Mmechanganya mililita 400 za oili kwenye lita 20 za petroli, sawasawa kabisa, lakini hewa inayopenya kwenye ufa haina petroli wala oili. Pistoni inapata joto na kukauka, inakwama katikati ya mkondo, na watu wamo ndani. Dalili yake ni mashine kupandisha mbio yenyewe ikiwa imeachwa ingurume polepole. Ukiona hivyo, zima. Na spesa ya ubao au ya mpira wa kandambili sitaifunga mimi. Mpira unavimba kwa petroli, ubao unapasuka. Bakelaiti ndiyo nzuri, maana pia inazuia joto la injini lisipande kwenye kabureta.

Lalamiko lenu nalijua: boti ikijaa nyavu, mashine inalemewa kutoka ufukweni. Lakini mashine nyingi za namna yetu zinatakiwa zifike kati ya 4500 na 5500 zikiwa na mzigo na mkono umefunguliwa wote. Zisipofika, mara nyingi kosa ni propela kali mno. Kupunguza mkato wa propela kwa inchi moja hupandisha mizunguko kama 150 hadi 200, bila kugusa kabureta. Pia ndimi zilizochoka, ambazo zimeachia mwanga, zinaua nguvu ya chini kabisa. Hizo nitazikagua zote, gharama yake ni gasketi tu.

Pendekezo langu ni kwamba fedha zisitolewe bado. Tuchukue boti moja, magunia yale yale ya mchanga, tangi lile lile, maji yakiwa yamelala. Tupime muda kutoka dikoni hadi boya la kwanza, mara tatu na propela ya sasa, mara tatu na propela laini, kisha mara tatu na spesa ya milimita 10. Katibu ashike saa. Waliotoa ombi la spesa wawemo ndani ya boti, na karatasi ya majibu ibandikwe hapa hapa ubaoni kabla ya kura.