Picha za Vita Kuu ya 1914–1918 kama Ushahidi wa Historia



Kamati ya historia imeniomba niseme machache juu ya picha za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa kuwa baadhi yenu mmeleta nakala zake ili ziingie katika kitabu cha miaka mia moja. Picha ni shahidi, nakubali. Lakini shahidi huulizwa maswali kabla ya kuaminiwa.

Kwanza, mpiga picha alisimama wapi? Picha nyingi tunazoziona za upande wa Wajerumani zilipigwa na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyeishi nchini tangu kabla ya vita. Kamera za kazi za siku zile zilitumia vioo, zilikuwa nzito, na mara nyingi zilisimamishwa juu ya miguu mitatu. Basi mkiona askari wamelala kwa mstari ulionyooka, bunduki zimeelekea kwenye kamera, wala hakuna aliyetikisika, jueni kwamba mbele yao hapakuwa na adui. Palikuwa na mpiga picha. Juu ya sare na silaha picha hiyo yasema kweli. Juu ya mapigano yenyewe, kama yale ya Tanga ya Novemba 1914, haisemi kitu.

Tarehe nazo zataka kupimwa. Manowari Königsberg ilizama katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Baadaye mizinga yake iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu ili ivutwe nchi kavu. Kwa hiyo picha ya mzinga huo juu ya magurudumu, hata ikiandikwa 1914 kwa mwandiko mzuri namna gani, si ya mwaka huo.

Lakini swali zito kuliko yote ni hili: nani hayumo? Mwaka 1932 Dobbertin alichapisha huko Ujerumani kitabu cha picha cha kuwasifu askari wa von Lettow-Vorbeck. Ujerumani ilikuwa imekwisha kupoteza makoloni yake, na wengi walitamani yarudishwe. Askari mwaminifu aliyesimama wima alikuwa hoja yao. Mpagazi aliyeanguka kando ya njia kwa kuhara damu hakuwa hoja ya mtu yeyote. Kwa upande wa Waingereza peke yake, watu wapatao milioni moja waliandikwa kubeba mizigo, na wanahistoria hukadiria kwamba karibu 100,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Tena, mbali na reli, hata sanduku la vioo vya kamera lilihitaji kichwa cha mtu. Na mtu huyo, picha ilipopigwa, alikuwa upande wa pili.

Naomba basi kila picha kitabuni iandikiwe nani ameileta, nyuma yake pameandikwa nini, na lipi ni neno la familia tu. Wazee wanaomtambua babu yao pichani wamwone katibu Jumapili baada ya ibada. Na wale ambao babu zao walichukuliwa upagazi, na picha hawana, waje na majina.