Mali na Uhai: Wajibu wa Kisheria na Kimaadili wa Anayemuua Mwizi

Mada kwa semina ya walinzi wa usiku na viongozi wa vijiji, Nyundo, wilaya ya Rubavu

Utangulizi



Mkulima wa viazi hapa Rubavu anajua uchungu wa kuamka na kukuta matuta yamefukuliwa usiku. Mbuzi akiibwa, karo ya mtoto imekwenda naye. Hasira hiyo inaeleweka. Je, inampa mwenye mali ruhusa ya kuua? Hoja yangu ni kwamba haimpi. Nguvu ya kuua huhalalishwa na uhai kuwa hatarini, si na mali kupotea.

Sheria inasemaje

Katiba ya Rwanda inalinda haki ya kuishi katika ibara ya 12 na mali binafsi katika ibara ya 34. Adhabu ndizo zinazoonyesha lipi ni zito. Kwa Sheria ya makosa na adhabu namba 68/2018, mwizi hufungwa mwaka 1 hadi 2, na adhabu huwa maradufu akiiba usiku. Anayeua kwa kukusudia hufungwa maisha, adhabu kubwa kuliko zote tangu hukumu ya kifo ifutwe mwaka 2007. Basi anayemuua mwizi kwa panga amekuwa mkosaji mkubwa kuliko mwizi mwenyewe, na watoto wa muuaji wamempoteza mlezi kwa gunia la viazi.

Kujitetea kupo kisheria, ila kwa masharti: shambulio liwe la papo hapo, na nguvu zilingane na hatari. Mtu akivunja mlango na kukujia na panga, ukimpiga kumzuia unatetea uhai. Akitupa gunia na kukimbilia mto Sebeya, hatari imekwisha. Pigo la mgongoni ni kisasi. Akishafungwa kamba, kila rungu linalomshukia ni kosa jipya, na aliyerusha jiwe moja hawezi kujificha nyuma ya kundi.

Mafunzo kutoka kwa majirani

Tanzania inaruhusu kutetea mali kwa nguvu za kadiri. Kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayezidisha nguvu hadi kuua ana hatia ya kuua bila kukusudia.

Nchini Kenya, mwaka 2006, Tom Cholmondeley alimpiga risasi na kumuua mtu aliyeshukiwa kuwinda bila kibali katika shamba kubwa la familia yake, Soysambu. Alijitetea kwamba alilenga mbwa. Mwaka 2009 mahakama ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, ikamfunga miezi 8, naye alikwisha kukaa rumande miaka 3. Wengi walilalamikia wepesi wa adhabu. Hata hivyo, tuhuma za ujangili hazikumwondolea hatia, wala ukubwa wa shamba haukumwepusha na kizimba.

Dini na dhamiri

Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinatofautisha mwizi anayeuawa akivunja nyumba usiku na yule anayeuawa jua likiwa limechomoza. Damu ya huyu wa pili iko juu ya muuaji. Thomas Aquinas alifundisha kwamba kujitetea kwa nguvu zilizozidi haja ni haramu. Uislamu humtukuza anayeuawa akitetea mali yake, lakini mafakihi wanamtaka aanze na njia nyepesi: kelele na kuomba msaada, kabla ya silaha.

Nyundo ina sababu yake pia ya kukataa kumuua mwizi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia kanisa kuu waliuawa, na nchini kote kuua na kupora vilikwenda pamoja. Hapa hakuna anayepaswa kuzoea raia kuamua nani afe.

Mapendekezo

1. Walinzi wa usiku (irondo) watoke wakiwa wengi, na tochi na filimbi.
2. Polisi waitwe kwa 112, au idara ya upelelezi, RIB, kwa 166, mara tu mtu anapokamatwa.
3. Aliyejeruhiwa apelekwe kituo cha afya kabla ya kuhojiwa.
4. Aliyeibiwa adai fidia mahakamani.

Ndugu zangu, mkabidhini mwizi akiwa hai. Maiti haisemi mbuzi ameuzwa wapi.